Njugu za Mbegu na Ukwaju wa Malaba

Wajukuu wangu huniletea vidonge vya njugu na matunda kutoka dukani, vimefungwa kwa karatasi inayong'aa, eti vya kuongeza nguvu. Mimi nacheka. Vitu hivyo nilivifinyanga kwa mikono hii kabla mama yao hajang'oa jino la kwanza.

Mama yao ndiye binti yangu wa kwanza. Ilikuwa miaka ya sabini, tunakaa nje kidogo ya Busia, nami nina mimba ya pili. Surua ilimshika, ikamwachia, lakini chakula akakataa. Uji alitema, maharagwe alitema. Mashavu yakaisha, nywele zikawa nyekundu kama za mahindi machanga. Nesi wa hospitali ya misheni alimbonyeza mguu, akaniambia mtoto ale njugu, maharagwe, maziwa, kitu cha kujenga mwili, la sivyo nimrudishe alazwe. Jirani yangu alikuwa amechelewa kumpeleka wake. Alirudi na leso tupu mgongoni.

Mimi ni Mteso, mtu wa Malaba. Kwetu uji wa wimbi hutiwa ukwaju, na mdomo uliokufa kwa homa huamshwa na kitu kichachu. Nikamtumia mama yangu salamu, akaniletea ukwaju. Nikakaanga njugu, nikazipukusa maganda. Nikakaanga simsim mpaka ikaanza kuruka. Nikazisaga kwa jiwe hadi mafuta yakatoka. Sukari ilikuwa shida, kwa hiyo nikaponda ndizi ndogo nilizokuwa nimezikausha juani. Ukwaju nikauloweka, nikaukamua, nikachanganya, nikaenda kuteka maji. Nikirudi ni kufinyanga tu, hakuna tena moto.

Mama mkwe, Mluhya wa hapo hapo Busia, akapita jikoni kwangu. Kwao njugu haziingii mdomoni bila munyu, yale maji ya chumvi yanayochujwa kwenye majivu ya maganda ya maharagwe. Akanisaidia. Akamimina.

Nilikuta bakuli limefura povu kama pombe ya busaa. Nikaonja: ukwaju umekufa, ladha ni ya sabuni. Mtoto aliramba mara moja, akageuza uso ukutani. Na njugu za kula zilikuwa zimeisha nyumbani.

Mama mkwe alisema njugu bila munyu hukaa tumboni kama jiwe, na sisi watu wa Malaba tungelisha mtoto hata magome ya miti. Mke wa mwana hajibu. Mimi nilijibu, macho yakiwa chini.

"Mama, munyu umekula ukwaju."

Hakunikemea. Alichota kijiko cha maji ya ukwaju yaliyobaki, akaonja, uso ukakunjamana. Akatia tone la munyu, likachemka bila moto. Akaonja tena. Kisha akatoka, nami nikajua nimeharibu, sasa mume wangu ataitwa.

Alirudi na kibuyu kilichokuwa kikining'inia juu ya moshi nyumbani kwake. Njugu za mbegu, alizoziweka za kupanda. Hizo hata mgeni hapewi.

"Kaanga," akasema.

Tulipukusa pamoja. Nilisaga, nikakanda kwa ukwaju na ndizi, nikafinyanga vidonge vidogo vya kutosha mdomo wa mtoto, nikavibingirisha kwenye simsim iliyobaki, nikavipanga kwenye ungo. Munyu ulikaa mbali, kwa mboga zake.

Mama mkwe alimpakata mjukuu wake, akamwekea kimoja mkononi. Mtoto akaramba. Akafumba jicho moja kwa uchachu. Tukamwangalia taya. Akatafuna, akameza, akaangalia ungo.

"Ingine," akasema. Neno la kwanza tangu surua.

Akapewa. Akamaliza, akanyoosha mkono tena. Nikasema tubakishe, mbegu za watu ndizo hizo, msimu uko karibu.

Mama mkwe akausogeza ungo mbele ya mtoto.

"Mwache ale. Mimi nitapanda mtama."