Nawasha, Baba Mdogo!

Enzi zetu pale Manzese, nani hakujua kwamba watu wa zimamoto hawazimi moto? Kazi yao ni kunyonya watu damu, ndiyo maana gari lao jekundu! Mie niliamini mia kwa mia. King'ora kikilia barabara ya Morogoro tulitimua mbio tukiacha kandambili nyuma, na naapa kuna siku nilikuja kusimama Boko, kule nje ya mji.

Tatizo, Baba Mdogo Hamisi alikuwa zimamoto, na tuliishi naye kwa Bibi. Mpole, mfukoni hakosi ubuyu wetu. Kisha nyumba moja ikaungua Temeke, akaenda kuizima, na aliyerudi hakuwa yule. Akinusa moshi wa mkaa anaruka, "Tokeni! Tokeni!", anatuburura hadi nje, hata mwenye sahani ya wali mkononi. Wapangaji wakanong'ona: damu za watu zinamdai.

Mwenye nyumba, Mzee Sefu, akaja na kanzu yake ya Ijumaa. "Bi Mwanaidi, huyu kijana mpelekeni shamba. Atatutia wazimu sote."

"Akitoka Hamisi tunatoka wote," Bibi akajibu, "na vyumba uwapangishe paka."

Wakakubaliana: apewe muda hadi mwezi wa Ramadhani uandame.

Hapo Bibi akatunga sheria. Hakuna kuwasha kiberiti kabla ya kuita, "Nawasha, Baba Mdogo!" na kusubiri mwenyewe aseme, "Washa." Siku za mwanzo jibu lilichelewa mpaka mbavu zetu zikahesabika kwa njaa! Hakuna aliyethubutu kuwasha. Mama naye alimpeleka kwa daktari wa akili kila wiki, kamshika mkono kama bwana harusi, na kila jirani aliyecheka alisalimiwa kwa sauti ya kusikika hadi Mbezi. Taratibu wapangaji nao wakaanza. "Shemeji, na mie nawasha!" aliita Mama Eli wa chumba cha mwisho.

Mwezi ulipoandama, Mzee Sefu akaja uani. Majiko yanawaka, Baba Mdogo kakaa katikati yake anakuna nazi. Mzee akatoa sigara, akashika kiberiti, akasita.

"Hamisi, nawasha?"

"Washa, mzee."

Habari ya shamba ikaishia hapo. Kuruka aliruka bado siku mojamoja, ila aliruka akiwa kwao, kati ya watu wake.

Leo vijana wa nyumba ileile gesi yao inawaka tap! Masikio wameziba kwa vidude, na mtu akiugua chumba cha pili wanapata habari kwenye simu. Nani anamwita nani kabla ya kuwasha?

Mie ile habari ya damu niliibeba hadi naota ndevu, nimeshamaliza na shule ya jioni! Siku nilipomuuliza Bibi, hakucheka.

"Hakunyonya damu ya mtu," akasema. "Kule Temeke aliwatoa watoto wawili kwenye moto. Wa tatu alimsikia, hakumfikia."