Kidonge cha Mke Wangu Nilichokitafuna Mimi

Naanza kwa kukiri kwamba mimi, mwanamume mzima, mkulima wa tangawizi wa Myamba, niliwahi kulazwa wodi ya wajawazito, na anayetaka kucheka acheke sasa hivi kabla sijafika kwa mama mkwe, maana pale hata mimi mwenyewe hushindwa kujizuia.

Mke wangu Naelijwa alikuwa na mimba ya miezi saba tumbo lilipoanza kumbana na kuachia, kumbana na kuachia, asubuhi ya siku ya soko. Mimba ya kwanza ilitoka, kwa hiyo safari hii hakuna aliyesubiri, tukapata gari, mama yake akakaa mbele, tukateremka zile kona hadi hospitali huku mimi nikiomba kimoyomoyo. Daktari akampima, akasema mtoto bado mdogo, lazima tumbo litulizwe kwa dawa ili apate muda wa kukua, na mimi nikatumwa dirisha la dawa.

Sasa, jana yake nilikuwa nimebeba magunia ya tangawizi mabegani (nilitaka majirani waone kwamba bado nina nguvu), na mgongo ulikuwa umekaza kama ubao. Dada wa dirishani akanieleza vizuri kabisa kwamba vidonge vile vinalegeza misuli ya mfuko wa uzazi, lakini mimi nikasikia vinalegeza misuli, basi, mengine yakapita. Nikajiambia kimoja hakitampunguzia mtu kitu, nikakitafuna palepale koridoni bila maji, nikaendelea kutembea nikingoja nafuu.

Nafuu haikuja. Uso ukawaka moto, moyo ukaenda mbio, na nilipofika kwenye benchi la kliniki, limejaa wajawazito na mama mkwe wangu ameketi mwishoni, miguu ikagoma na kichwa changu kikatua mapajani mwake. Mama mkwe, ambaye mimi humwamkia kwa kuinama tena nikiwa mbali, leo nimemlalia kama kitoto.

Kitanda cha karibu kilikuwa cha wodi ya wajawazito, wakanitupa hapo, miguu juu ya mto. Sista, yaani nesi wa zamu, akanipima, akakuta presha imeshuka, akauliza nimekula nini. Nikasema sijala kitu tangu asubuhi, ni njaa tu, na uongo huo ndio ulionimaliza, kwa sababu mama mkwe alikimbia kuleta uji akaninywesha kwa kijiko wodi nzima ikitazama. Halafu Sista akachukua dawa ya mke wangu mfukoni mwangu, akaona pakiti imetobolewa. Mama mkwe akasema yule binti wa dirishani ametupunja, akatoka, na punde akarudi amemshika mkono wa koti, binti wa watu machozi yanamlenga akiapa kwamba alitoa pakiti nzima.

Nyuma ya pazia, kwenye kitanda cha pili, nikamsikia Naelijwa akigugumia, tumbo linabana tena. Hapo nikaona aibu yangu si kitu.

"Mwacheni," nikasema. "Kimoja nimemeza mimi."

Sista akanigeukia. "Baba, wewe una mfuko wa uzazi?"

"Sina, Sista. Nina mgongo."

Wodi ikalipuka. Wanawake walishika matumbo yao kwa mikono miwili, binti wa dirishani akafuta machozi huku akicheka, na nyuma ya pazia mke wangu naye alikuwa akicheka, Sista akamkimbilia na kidonge akimwambia asicheke, naye mwenyewe mabega yanatikisika. Akakaa na kiganja juu ya lile tumbo. Nikangoja nikiwa nimelala chali, sithubutu hata kukohoa, mpaka akatoa kichwa nje ya pazia akasema linaanza kulegea.

Mtoto alikaa mpaka mwezi wake ukatimia, akazaliwa msichana mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Siku ya ubatizo mama mkwe alileta doti ya khanga, akaichana katikati mbele ya wageni, kipande kimoja akampa binti yake, cha pili akanifunga mimi kiunoni, akasema wote wawili tulilazwa.

Tangu hapo, mgongo ukikaza nalala sakafuni mpaka ulegee wenyewe, na dawa ya mtu mwingine naibeba kama yai la kuku wa jirani.