Mguu wa Kaka Uliokalishwa Kitini

Siku ile naikumbuka bado, mwanangu, na hasira yake haijanitoka. Mimi unayeniona leo na malori yanayovuka mpaka wa Kasumbalesa, niliyejenga nyumba ya matofali bila diploma yoyote, siku ile nilikuwa kijana tu, nakaa kwa kaka yangu Kasongo katika kambi ya wafanyakazi wa shaba.

Kaka alikuwa amevunjika mguu kazini. Plasta ilipotolewa, paja lilikuwa jembamba kama mkono wangu. Daktari alimwambia aanze kutembea kidogo kidogo. Sisi tukafanya nini? Tukamkalisha kitini mlangoni kama chifu. Kambini kwetu mtu aliyeumizwa na kazi hakugusa kitu. Ndiyo heshima yake. Maji aliletewa, hata chooni alibebwa. Mguu ukazidi kukonda, na asiporudi kazini nyumba ya kampuni ingepewa mwingine.

Baba mkubwa akapata jibu lake. Akamnyooshea kidole shangazi Feza, mjane kutoka Maniema aliyempikia kaka tangu ajali, akamwita mulozi, yaani mchawi.

"Huyu mama ndjo anakula muguu ya mutoto yetu. Afunge bintu yake, aende."

Shangazi akaingia ndani kufunga nguo zake. Watu waliokula maharage yake jana wakatazama chini. Nakwambia, hadi leo damu inanichemka.

Ndipo akafika muuguzi wa zahanati kumpima kaka. Akaliona furushi mlangoni, akauliza, akaambiwa.

"Sitwayeni Kasongo," akamwita kaka 'raia', kama ilivyokuwa desturi enzi zile, "tangu plasta itoke, ulisimama?"

"Banakatala. Banasema nitachoka."

"Basi mulozi iko hii kiti."

Akaeleza kwamba misuli isiyofanya kazi mwili huiacha ipungue, na hurudi kwa mazoezi na chakula cha nguvu: maharage, samaki, mayai.

Baba mkubwa akacheka. "Weye mutoto ya juzi, unajua nini ya bulozi?"

"Bulozi sijue, baba. Muguu ndjo najua."

Kaka akashika mikono ya kiti ajiinue. Hakuna aliyemsogelea. Shangazi akaweka furushi chini, akampa bega.

"Shika hapa, baba. Kama nilikula muguu yako, leo ninakurudishia."

Kaka akasimama, akitetemeka mwili mzima.

Tangu hapo walizunguka ua, kisha njia ya kambi. Akikaa, aliinua mguu uliofungiwa kifuko cha mchanga, kama muuguzi alivyoonyesha. Alirudi kazini, nyumba ikabaki yetu. Shangazi akabaki pia. Baba mkubwa hakumwomba msamaha hadi anakufa, lakini maharage yake aliendelea kuyala.

Basi sikia, mwanangu. Mgonjwa wako akitoka kwenye plasta au kitandani, muulize daktari lini asimame, kisha msimamishe na umlishe vizuri. Heshima ya kumkalisha itamlemaza. Na misuli ikikonda bila ajali, nguvu zikiisha au kumeza kukishindikana, mpeleke hospitali upesi. Kuna magonjwa ya mishipa ya fahamu na ya misuli yenyewe, mengine ya kuzaliwa nayo, na hayo hayangoji. Lakini usimtafutie mjane wa kufukuza. Anayekuletea jina la mtu badala ya matibabu, mwonyeshe njia ya kwenda zake.

Mungu akupe miguu ya kukufikisha uzeeni, na siku itakapokukatalia, asikukoseshe mtu wa kukupa bega.