Soksi za Maharage

Naona haya, lakini nakiri. Baada ya kumzika mke wangu nilivimba miguu, viatu vikakataa, na ibada ya kumaliza msiba ilikuwa kesho yake. Muuguzi wa zahanati ya Kayanga akanieleza: "Protini ni kubwa, haipenyi kuta za mishipa ya damu. Inabaki humo, inashikilia chumvi na maji. Kwako imepungua, ndiyo maana maji yanavuja miguuni. Kula maharage, baba."

Nikawaza: kama protini inavuta maji ilipo, nikiiweka nje itayatoa! Nikaponda maharage ya kuchemsha, nikayajaza kwenye soksi, nikavaa bila viatu.

Siku ya ibada, uani, katikati ya sala ya kimya, kuku watatu wakaanza kunidonoa vidole. Dada wa marehemu akashindwa kunyamaza: "Shemeji! Maharage ya wageni tumeyatafuta tangu asubuhi, kumbe umeyavaa?"