Kamba Tatu Zilizooshwa

Dada Fundo alijua kuna kitu hakiko sawa kabla hajawasha taa ya stoo. Ndani kulinukia sabuni ya unga, na yeye hakuwa ameacha sabuni yoyote humo.

Stoo ilikuwa chumba cha matofali nyuma ya uwanja ambako maofisi na viwanda huleta wafanyakazi wao siku moja moja. Hukimbia ndani ya magunia, hubebana kwenye machela na kuvuka dimbwi kwa mbao mbili, ili Jumatatu warudi kazini wakiwa kitu kimoja, kama linavyosema bango la getini. Mchezo mkubwa kuliko yote ni mnara wa mbao, mrefu kama nyumba ya ghorofa tatu. Mtu mmoja anapanda akiwa amefungwa mkanda kiunoni na mapajani. Kamba inatoka kwenye ule mkanda, inapita kwenye kapi kule juu, halafu inashuka mpaka mikononi mwa wenzake watano walioishika chini. Akifika kileleni anatakiwa kuachia mikono yote miwili na kuning'inia hewani, wenzake wamshushe polepole.

Kamba hizo ndizo zilizokuwa kazi yake. Alikuwa na miaka arobaini na saba. Alishona maturubai kwa miaka kumi na tisa mpaka karakana ikafungwa, na uwanjani hapo alikuwa na mwaka wa sita. Vijana wanaoongoza michezo walimpa jina la Fundo kwa sababu alikuwa akitazama fundo anakwambia nani amelifunga. Zilikuwa kamba tatu, zote nyeupe zenye uzi wa bluu, na kwenye ncha ya kila moja alizungusha plasta yenye namba. Kila kamba ilikuwa na kurasa zake kwenye daftari lenye jalada gumu: ilianza lini, imebeba watu wangapi, imenyeshewa lini. Kila asubuhi alizipitisha zote vidoleni, macho ameyafumba, mita kwa mita, kisha akatia saini karatasi ya ukaguzi. Bila saini hiyo mnara haukufunguliwa.

Jumamosi hiyo alizikuta zinaning'inia kwenye misumari yake, safi kuliko zilivyopata kuwa tangu zitoke dukani. Alizishika. Nje zilianza kukauka, ndani bado zilikuwa na maji. Plasta zilikuwa zimebanduka zote tatu. Haikujulikana tena ipi ni ya kwanza na ipi ni ya tatu.

Ijumaa aliondoka mapema kwenda kikao cha wazazi shuleni kwa kitinda mimba wake, na ufunguo wa stoo alimwachia dereva. Dereva alikuwa shemeji yake, mdogo wa mume wake. Alikaa na mkewe kwenye chumba cha uani nyumbani kwao, na mtoto wao alikuwa na wiki tatu. Kazi hiyo aliipata kwa sababu Dada Fundo alisimama mbele ya bosi akasema huyu namdhamini mimi. Alikuwa bado kwenye miezi ya majaribio.

Alimkuta anafuta vioo vya gari.

"Shemeji, mbona unanitazama kama askari?" alisema. "Hata salamu hakuna leo?"

Akamuuliza nani ameziosha kamba. Akajibu ni yeye, si kila siku Dada Fundo analalamika kwamba hasaidiwi? Dada Fundo hakuondoka. Aliendelea kusimama pale, mkono mmoja kiunoni. Shemeji alikunja kitambaa, akakikunjua, akaanza kutoa habari vipande vipande. Jana jioni gari lilinasa kwenye tope upande wa pili wa kijito, limejaa viti. Akapita mtu na trekta. Wakahitaji cha kuvutia. Akakimbilia stoo, akachukua kamba iliyokuwa karibu.

"Ipi?"

"Hapo ndipo penye shida, shemeji. Sikumbuki."

Aliporudi nayo ilikuwa imejaa matope, akaona atagombezwa. Akaiosha. Ilipotakata akaona inang'aa kuliko wenzake, atashtukiwa, basi akaziosha zote tatu kwa maji ya moto ndani ya pipa. Kosa alilolijua yeye lilikuwa matope, na matope yalishatoka.

"Kamba si ni kamba tu?" alisema. "Imevuta gari zima na viti vyake. Itashindwa na karani?"

Mambo yalikuwa kinyume chake kabisa. Kamba ya kubebea mtu ikishavuta gari, nyuzi zake za ndani zinaweza kukatika huku ngozi ya nje ikibaki nzima. Unaitazama, inakutazama. Inaweza kubeba watu wawili, watatu, na wa nne akaachia mikono kule juu ikamwacha.

Shemeji alishusha sauti. Alimwomba asimwambie bosi, akataja mtoto, akataja mkewe ambaye bado hajapata nguvu. Hakulia, lakini kile kitambaa alikuwa amekisokota mpaka kinatoa maji.

"Ngoja nizikague," Dada Fundo alisema.

Alizikagua mara tatu. Alifumba macho akapitisha vidole, akatafuta mahali palipolegea, palipokakamaa, palipovimba. Maji yalikuwa yamezivimbisha zote sawasawa. Kila aliporudia, kamba aliyoishuku mwanzo ilionekana nzima na ile aliyoiamini ikaanza kumtia wasiwasi. Mara ya tatu akajua vidole havimwambii tena chochote.

Kocha, mwenye uwanja, aliwahi kufundisha mpira na bado alitembea na filimbi shingoni. Hakuwa mtu mbaya. Dada Fundo alimfuata saa moja na nusu akamwambia haziamini kamba. Kocha akauliza zimefanya nini. Akasema zimeoshwa yeye hayupo, zimelowa. Kocha akauliza kama ameona jeraha lolote, naye akakiri hajaliona. Basi zianikwe, Kocha akasema, jua hili litazikausha kabla wageni hawajamaliza chai. Dada Fundo alifungua mdomo ataje trekta. Nyuma ya bega la Kocha alimwona shemeji anashusha viti garini, anahesabu viti kwa mikono huku macho yameelekea kwake. Akaufunga mdomo. Akaenda kuzianika.

Wageni walifika saa tatu, watu thelathini wa kiwanda cha kuchapa vitabu, wote ndani ya fulana za rangi ya machungwa. Kelele yao ilimzunguka mtu mmoja, mtunza karatasi wa kiwanda, mwanamume mnene mwenye sauti nzuri waliyemwita Kontena. Ndiye aliyejiandikisha wa kwanza kupanda. Wenzake walimwandama tangu mlango wa basi. Mmoja alimuuliza kama ameaga nyumbani. Mwingine, mama wa idara ya kushona vitabu, alisema ameitazama ile kamba na imeshaanza kulia. Kontena aliwacheka kuliko walivyomcheka, akasema kwa wiki mbili amekuwa akipanda ngazi za kiwanda mara nne kila asubuhi, na leo watamtazama kutoka chini kwa mara ya kwanza.

Dada Fundo aliyasikia hayo akiwa anagawa helmeti. Alimpa Kontena ile kubwa kuliko zote, akamkazia mshipi wa kidevuni, na vidole vikamgusa shavu. Lilikuwa na jasho. Mtu huyu alikuwa na hofu na alikuwa amekusudia kupanda hivyo hivyo.

Saa nne kasoro robo Kocha alikuja stoo kuchukua karatasi. Kamba zilisharudi kwenye misumari, zimekauka. Nafasi ya saini ilikuwa tupu. Kocha alimtazama, akamuuliza tena kama kuna jeraha, naye akasema tena hajaliona. Kocha akavuta pumzi. Watu thelathini wanasubiri, akasema, na yeye hawezi kufunga mnara kwa sababu ya sabuni. Akatoa kalamu mfukoni, akatia saini mwenyewe, akatoka kuwaita vijana waje kuzibeba.

Kutoka stoo hadi waliposimama wale vijana ni hatua kama sitini kwenda, sitini kurudi. Dada Fundo alizihesabu hatua za Kocha bila kutaka. Alipofika ishirini alikuwa ameshavuta droo na kutoa mkasi wa maturubai. Kamba ya kwanza ilikataa kidogo, mkasi ukateleza, akaubana kwa mikono miwili. Ya pili akaikata sehemu mbili. Ya tatu akaikata tatu, maana sasa mikono haikutaka kusimama. Kocha alipoingia na vijana wawili nyuma yake, vipande vilikuwa sakafuni na yeye amekaa kwenye ndoo iliyofunikwa, mkasi mapajani.

Kocha alivitazama, akageuka. Alitoka nje akawaambia wageni kwamba mnara umefungwa kwa sababu za usalama na watacheza michezo ya chini.

Hakueleza zaidi, kwa kuwa hakuwa na zaidi. Basi wageni wakajieleza wenyewe. Kabla ya mbio za magunia kwisha, habari ilikuwa kwamba mama wa kamba alimwona Kontena anashuka kwenye basi, basi likanyanyuka, naye akakimbilia mkasi. Kufikia chakula cha mchana habari ilishaongezwa mizani ya kumpimia. Kontena alicheka mara ya kwanza, na mara ya pili akacheka kidogo. Kwenye kuvuka dimbwi walimwambia abaki kuwa nguzo ya upande huu ili mbao zisipate taabu, na hapo hakucheka. Alikula peke yake kwenye ngazi za mnara, sahani juu ya magoti, helmeti bado kichwani.

Dada Fundo alipopita kukusanya helmeti, Kontena aliivua yake akampa.

"Dada, niambie tu," alisema. "Ni uzito wangu? Kama ndiyo, sema. Nimeshazoea."

Alimwambia siyo. Kontena akasubiri sababu, na sababu haikuja. Akamshukuru kwa adabu, ile shukrani ya mtu anayeona amedanganywa kwa huruma, akarudisha macho kwenye sahani.

Dada Fundo alirudi stoo na helmeti zake lakini hakuzipanga. Aliketi, akasimama, akaketi. Mtu alikuwa amenusurika kuvunjika mifupa na sasa anavunjwa kitu kingine, tena mchana kweupe, kwa sababu yake. Alimfikiria shemeji, chumba cha uani, kanga ndogo za mtoto kwenye kamba ya nguo. Akamfikiria mume wake atasema nini.

Saa tisa wageni huketi duara kabla ya kuondoka, kila mmoja anasema jambo moja alilojifunza. Katika miaka sita Dada Fundo hakuwahi kuingia kwenye duara hilo. Siku hiyo aliingia, akasimama karibu na Kocha, mikono ameifumbata kama mtoto anayesomeshwa shairi.

"Naomba nisikilizwe kidogo," alisema. "Jana moja ya kamba zangu ilivuta gari lililonasa. Kamba ikivuta gari haifai tena kubeba mtu. Sikuweza kujua ni ipi, ndiyo maana nimezikata zote. Hata angekuwa mtoto wa shule ndiye wa kwanza kupanda, ningezikata vilevile."

Mtu mmoja alianza kucheka, akajikuta yuko peke yake. Kontena aliinua uso.

"Ningepanda, dada, ingenibeba?"

"Mbili zingekubeba, kaka. Moja sijui."

Duara lote likatazama juu kwenye mnara. Yule mama wa kushona vitabu aliweka kiganja mdomoni. Alikuwa mmoja wa wale watano waliopangwa kumshikia. Kocha aliuliza, kwa sauti ya chini kabisa, nani aliyevuta gari. Nyuma yao kiti kilianguka, kisha kingine. Shemeji alikuwa ameviweka chini vibaya.

"Ni mimi," alisema. "Na nikaziosha ili shemeji asijue."

Basi lilipoondoka Kocha alikuja stoo, akavisogeza vile vipande kwa ncha ya kiatu.

"Ungeniambia hivyo saa ile asubuhi," alisema, "ningefunga mnara mwenyewe. Tungezipeleka zikapimwe, na mbili nzima zingerudi hapo."

"Ndiyo."

"Na mimi nisingetia ile saini."

Alikuwa ameishika ile karatasi, anakunja mahali penye jina lake, anakunjua, anakunja tena. Dada Fundo akajua kwamba tangu saa tisa naye anamwona mtu yule yule akiachia mikono kule juu. Kocha alichukua ufunguo wa gari kutoka kwa dereva na ufunguo wa stoo kutoka kwa Dada Fundo. Jumatatu saa mbili, akasema, waje wote wawili. Hakusema waje kufanya nini.

Wakaondoka kwa miguu. Barabara ya kutoka uwanjani ni ndefu na haina kivuli. Shemeji alitembea hatua mbili nyuma kama mtu anayesindikizwa. Walipokaribia njia panda akasogea, akawa sambamba naye.

"Kaka utamwambiaje?"

"Kama nilivyowaambia wale."

"Yote?"

"Yote. Na utakaa pale pale nikimwambia. Nikisahau kitu, utanikumbusha."

Shemeji aliitikia kwa kichwa. Akaomba ambebee mkoba. Dada Fundo alitaka kukataa, halafu akauvua begani, akampa.