Binti yangu alinipikia nikapata nafuu ya sukari, ndugu zangu wakasema amenilisha dawa

Wakuu, habari za humu ndani. Waliokula chumvi kuliko mimi nawapa shikamoo, japo sidhani kama mpo wengi. Nyie wengine marahaba, hata kama hamjaamkia.

Ninachoandika kimetokea kwangu, kwenye ua wangu, upande huu wa Geita. Sitafuti likes. Asiyeamini apite tu, uzi hauna mlango.

Kwanza mnijue, msije mkaanza kunifundisha maisha. Shule niliishia la tatu nikaenda kuchunga ng'ombe za watu. Machimboni niliingia sina hata ndala. Nimebeba mawe, nimezama kwenye mashimo ambayo wengine walikuwa wanakataa kuchungulia. Leo nina duara langu, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, na karasha la kusagia mawe, na nyumba niliijenga bila kushikwa mkono na mtu. Kuandika vizuri nimejifunzia kwenye simu, kwa hiyo mwenye digrii asinisahihishe nukta.

Mke wangu alishatangulia mbele za haki. Watoto wakubwa wameoa na kuolewa. Nyumbani tumebaki mimi na kitinda mimba wangu, Milembe, yuko form three.

Sasa tuje kwenye chakula, maana ndicho kilicholeta yote.

Mimi nimekulia njaa wakuu. Utotoni kwetu ilikuwa michembe asubuhi, michembe mchana. Kwa wasioijua, ni viazi vitamu vinakatwa vinaanikwa juani, vinaliwa mvua ikigoma. Niliapa nikipata hela, michembe haikanyagi kwangu.

Na nilipopata nilikula kweli. Ugali mweupe wa sembe, nyama yenye mafuta yake, soda mezani, chai ya sukari mpaka kijiko kinasimama. Nikaota kitambi.

Huku mgodini kitambi cha mwenye duara ni bango. Wachimbaji wakikiona wanajua hapa kazi ipo, wanazama. Wenye mawe wanakuletea usage. Hamna anayeamini tajiri mwembamba.

Basi miguu ikaanza kuwaka moto, macho yakaingia ukungu. Nikaenda kupima, Milembe akanisindikiza. Sukari ikakutwa iko juu. Nesi, binti mdogo tu, akaniangalia hana aibu akasema, "Mzee, ukiendelea kula hivi mguu utakatwa."

Nikamwambia, "Una mdomo wewe."

Ila niliogopa. Milembe naye aliogopa, njia nzima alikuwa anatafuta kwenye simu mgonjwa wa sukari anakula nini.

Kesho yake asubuhi nikakuta uji mezani.

"Milembe, nini hiki?"

"Uji wa ulezi baba, nimeutia ubuyu."

"Sukari iko wapi?"

"Imesafiri."

"Inarudi lini?"

"Haikuaga."

Ndivyo tulivyoanza. Anaangalia video kwenye simu, anawauliza bibi za sokoni, halafu anakuja kunijaribia mimi. Mengine yalikuwa balaa. Kuna siku alipika chapati za unga wa mtama. Mbwa wetu alinusa moja, akaniangalia kwa huruma, akaenda zake kulala. Mtoto alicheka mpaka akakaa chini sakafuni.

Siku nyingine akaleta michembe.

Hapo nilisimama. Nikamwambia hicho chakula nimekikimbia mimi, nimezama shimoni ili nisikione tena, leo unakiweka mezani kwangu kwenye sahani ya maua?

Akasema, "Onja moja baba. Ukikasirika tena nitaondoa."

Alikuwa ameilainisha kwenye maji, akaichemsha na karanga za kusaga na iliki kidogo. Wakuu, nilikula ikaisha. Nikaona aibu kuomba tena, akaniongeza bila kuombwa.

Akaanza dagaa. Alimpata mama mmoja anayetoa dagaa Nkome kule ziwani, akamwambia hataki wa kuanikwa mchangani, anataka wa kwenye vichanja. Anawakaanga kavu bila mafuta, anakamulia ndimu, anaweka nyanya chungu na kitunguu kingi. Pembeni dona, ugali wa mahindi yasiyokobolewa. Sahani nilikuwa nafuta kwa kidole, mimi mzee mzima.

Majani ya kunde alikuwa anaanika mwenyewe. Majani ya mlonge anakausha anasaga. Mbegu za maboga anakaanga anasaga. Vyote hivyo ni unga, anautia kwenye chupa tupu za jemu na za mafuta ya kujipaka, anapanga kwenye shelfu la jikoni. Hakuandika kitu juu ya chupa. Yeye alikuwa anazijua kwa rangi na harufu. Akipika mlenda anachota hapa, anachota pale, ladha inakuja ambayo siwezi kuieleza humu.

Shuleni anabeba michembe ya karanga kwenye kopo, wenzake wanaigombania. Akaniambia akimaliza masomo anafungua sehemu ya kula hapa machimboni, wachimbaji wale kama watu.

Nikamwambia, "Mchimbaji ukimpa mlenda atakupiga."

Akasema, "Ataomba sahani ya pili kwanza, ndio anipige."

Miguu ikaacha kuwaka. Macho yakafunguka. Nesi alipima akatabasamu, akampa Milembe mkono kama anampa mtu mzima. Nilivimba kichwa siku ile.

Kasoro ikawa moja. Nilikonda.

Kitambi kilikwenda, shingo ikatoka, suruali nikawa nazifunga kwa mkanda wa kutoboa tundu jipya. Mimi najisikia kijana. Wanaoniangalia wanaona maiti inatembea.

Wakaanza kunong'ona. Wengine wakasema nimeungua, yaani nina ukimwi. Wengine wakasema nimefilisika. Wachimbaji nao wana imani zao, wanasema mwenye duara akinyauka, mawe yanakimbia chini. Na kweli kipindi hicho mwamba ulikuwa mkavu, hatutoi kitu. Miamba ndivyo ilivyo, inakauka inarudi, mimi nimeiona miaka yote. Ila safari hii walikuwa na mwili wa kuulaumu, na ulikuwa wangu.

Mbia wangu kwenye duara anaitwa Masanja. Tumetoka naye mbali. Siku moja alikuja kunisalimia mchana, akakuta nakula mlenda na dona. Nikamkaribisha. Akaangalia bakuli, akaangalia shelfu lenye chupa, akasema ameshiba. Masanja huyo hajawahi kushiba tangu nimjue.

Alipotoka akampigia dada yangu.

Dada yangu mkubwa, Holo, anaishi Ushetu, analima tumbaku. Ndiye aliyenibeba mgongoni. Alifika na kuku mkononi. Aliponiona tu mlangoni akamwachia kuku, akashika kichwa.

"Ng'wanawane, mwanangu we, nani amekumaliza hivi?"

"Hakuna aliyenimaliza dada. Nimepona."

"Aliyepona anafanana hivi?"

Akaingia jikoni. Akaanza kufungua chupa moja moja, ananusa. Unga wa kijani. Unga wa kahawia. Unga mweusi mweusi wa mbegu zilizoungua kidogo. Wakuu, huku kwetu unga kwenye chupa isiyo na jina ni mali ya mganga. Hakuna mtu wa umri wa dada yangu atakayeona chupa zile afikirie kitu kingine.

Akamwita mtoto. "Hii nini?"

"Mbegu za maboga, shangazi."

"Mbegu za maboga tunapanda. Nani anasaga mbegu?"

"Zina madini shangazi, zinasaidia..."

"Madini yako shimoni. Nakuuliza, nani alikufundisha?"

"Nimeona kwenye simu."

Dada akanigeukia. "Umesikia? Hata aliyemfundisha hana jina."

Kikao kikaitishwa pale pale uani, jua la mchana. Dada, Masanja, na wazee wa ukoo waliokuwa karibu. Milembe akawekwa katikati na sufuria lake la mlenda.

Kwetu anayeleta chakula au kinywaji huonja kwanza mbele ya wageni, kuwatoa wasiwasi. Dada akasema aonje. Milembe akachota, akala. Akachota tena, akala. Akawaangalia wote kwa ujasiri, nikasema moyoni yameisha.

Masanja akasema taratibu, "Mwenye dawa hanywi bila kinga. Anaweza kumaliza sufuria."

Nikasimama. Mnajua mimi siumi maneno. Niliwaambia wote ni wajinga, nikawaambia kuhusu sukari, kuhusu nesi, kuhusu miguu yangu. Nikamwambia Masanja anatafuta mchawi kwa sababu mwamba umekauka na yeye hajui kusubiri.

Mzee mmoja akatikisa kichwa kwa huruma. Akamwambia dada, "Unamsikia? Mtu aliyelishwa ndivyo anavyomtetea aliyemlisha."

Nikazidi kufoka.

"Na hasira hizi hakuwa nazo," dada akasema. Alikuwa analia kabisa, hakuwa anaigiza. "Hiyo siyo sauti yako. Ni dawa inaongea."

Hapo ndipo nilipokwama wakuu. Nikisema mtoto hana kosa, dawa inaongea. Nikikaa kimya, dawa imenifunga mdomo. Mimi ambaye nikikohoa tu duara zima linasimama kazi, nilikaa kwenye kiti changu, uani kwangu, na neno langu halina uzito wa pumba.

Na neno lile walilokuwa wanalizunguka, uchawi, huku Usukumani si la mchezo. Kuna watu wamekufa kwa ajili yake. Nilimwangalia mwanangu, nikaona naye ameshalielewa. Rangi yake ilibadilika.

Chupa zikamwagwa chooni. Dada akasema Milembe hagusi tena chungu cha nyumba hii, atapika yeye mpaka nirudi mwili wangu.

Milembe akasema kitu kimoja tu. "Shangazi, chumvi ile usiizidishe, ana presha pia." Akaingia ndani.

Dada alinipikia kwa upendo wote aliokuwa nao. Sembe nyeupe kama pamba, nyama inaogelea, chai ya sukari, asubuhi mandazi. Nikikataa, analia. Nikila nusu, anasema dawa bado ipo tumboni. Nikawa nakula. Mwili ukarudi, mashavu yakajaa. Wachimbaji wakaanza kunisalimia kwa furaha. Mwamba nao ukafunguka kipindi kile kile, basi ushahidi ukakamilika, hata Mungu angeshuka kunitetea wasingemsikia.

Miguu ikaanza kuwaka tena. Kidole kimoja kikapata kidonda, hakikauki mpaka leo. Nesi amepima, safari hii hakutabasamu.

Lakini kidonda nimekizoea. Kinachoniua ni mtoto.

Habari zilifika shuleni. Alibeba kopo lake la michembe mara moja tu baada ya kikao. Alirudi nalo limejaa. Hakuna aliyenyoosha mkono. Rafiki yake wa karibu alimwambia, "Mama amenikataza vitu vyako." Alinisimulia akiwa amesimama, akamwaga yote kwa kuku, akaosha kopo, akaliweka juu kabisa ya kabati.

Siku hizi akitoka shule anapita stendi anakula chipsi na soda. Kila siku. Yule aliyekuwa ananifokea kwa kijiko kimoja cha sukari. Nimemuuliza, akasema, "Chipsi amepika mtu mwingine baba. Hakuna atakayeuliza kitu."

Dada nilimfukuza mwishowe. Ndiyo, dada yangu wa damu, aliyenibeba. Nilimwambia nimeshanenepa, kazi yako imekwisha, nenda kaangalie tumbaku yako. Aliondoka anajua ameniokoa, na hanipigii simu.

Nikamwambia Milembe jiko ni lako, nitakununulia chupa mpya, tutaziandika majina kwa herufi kubwa. Akasema ahsante baba. Hakuingia.

Juzi nimeingia mwenyewe. Mzee wa Kisukuma na mwiko, majirani wakachungulia, nikawaacha wachungulie. Nimesonga dona likawa na madonge. Nimepika mlenda, ukagoma kuvutika, umekaa kama maji ya kuoshea vyombo.

Milembe alikuwa amekaa kizingitini na simu yake.

"Milembe, huu mlenda nimekosea wapi?"

Akanyanyua uso, akaangalia ndani ya sufuria. Nilimuona ameshajua. Mkono wake ulitoka kidogo kwenye simu, ukaelekea kwenye mwiko, halafu ukarudi.

"Sijui baba. Mimi sipiki."

Nikajipakulia. Nikala yote, na madonge yake.

Wakuu, somo nililolipata ni hili. Anayekuita mwongo unaweza kubishana naye ukamshinda. Anayesema umerogwa huna pa kumshikia, kila unalosema anaokota anaongeza kwenye ushahidi wake. Na la pili, mtoto akikuponya, watangazie watu mapema kabla hujakonda. Mimi niliona ni mambo ya nyumbani kwangu, sina haja ya kumweleza mtu. Nikanyamaza na nafuu yangu, wao wakajaza maelezo yao.

Mnaolea mabinti nawaomba mchango. Mtoto aliyevunjwa moyo kwenye kitu alichokipenda, mlimrudisha kwa njia gani? Hela ninayo, muda ninao, kinachonishinda ni kujua niseme nini. Wa kucheka ugali wangu acheke.

Ila asije mtu hapa akaniandikia nimpeleke mtoto kwa mtaalamu wa jadi akasafishwe. Hana uchafu.