Nilienda kwa counsellor na wazee wa ukoo, na jana nimeendesha lori tena!

Salaam aleikum wakuu, na habari zenu ndugu Wakristo. Leo siwezi kukaa na hii kitu kifuani. Yote yamenipata mimi mwenyewe hapa Isiolo, na mwenye anadhani ni chai aniulize.

JANA NIMEENDESHA LORI! Isiolo mpaka Oldonyiro, nikapakia mbuzi sokoni, nikarudi. Mimi!

Kwa wenye hawanijui, mimi ni dereva wa mifugo kama baba yangu. Mwaka jana tairi ilipasuka tukitoka Garbatulla na mbuzi, lori ikalala ubavu. Galgalo, rafiki yangu tuliyekuwa tunapokezana usukani, akafa papo hapo. Mimi nikatoka na mikwaruzo tu.

Baada ya mazishi nikajiambia niko sawa.

Wapi! Nikishika mlango wa lori jasho linamwagika. Mbuzi akilia sokoni, natoka mbio. Lori ilitengenezwa ikakaa kwa boma mpaka kuku wakaanza kutaga chini yake. Na hiyo lori ndiyo inalisha nyumba yetu yote.

Nikijaribu kuongea, watu wananikata: "Ni kadari ya Mungu, wacha kurudia-rudia."

Kweli ni kadari. Lakini ile sauti ya vyuma bado ilikuwa masikioni.

Mke wangu ndiye alisikia kliniki iko na counsellor, mtu wa kusikiliza shida za moyo. Nikamwambia mimi si mwendawazimu. Akanijibu, "Nani amesema wewe ni mwendawazimu? Nimesema umechoka." Nikakubali kwenda.

Sasa hapa ndipo mtacheka.

Kwetu mtu hapeleki shida mahali peke yake. Ukienda kuposa, ukienda kwa kesi ya ngamia, unaenda na wazee. Kwa hivyo siku ya appointment Adeer, kaka mkubwa wa baba yangu, akakusanya wazee wakavaa kofia, tukaingia wote. Viti havikutosha! Adeer akaanza, "Tumeleta kijana yetu. Kwanza tuambie, wewe ni binti ya nani?"

Counsellor, dada mmoja Mmeru mpole sana, akawasalimia wote kwa heshima. Halafu akauliza, "Wazee wangu, nani kati yenu alikuwa ndani ya lori siku ile?"

Wote wakanigeukia mimi.

"Basi huyo ndiye abaki."

Adeer alitoka akinung'unika ati dunia imeharibika, siku hizi watu wanaenda hospitali kupiga stori.

Wakuu, siku hiyo nilisimulia ajali kutoka mwanzo mpaka mwisho, kwa mara ya kwanza. Hakunikata. Nililia kama mtoto, na mimi ni mwanaume na ndevu zangu. Nilitoka mwepesi, walahi!

Msidhani ni dawa ya siku moja. Nimerudi sana. Swala counsellor aliniambia niendelee nayo. Halafu akanipa kazi: kaa tu kwa kiti cha dereva, engine imezimwa. Ukizoea, washa. Ukizoea, zunguka boma. Kuna siku nilishindwa nikashuka, akasema hakuna haraka, tutajaribu tena. Pole pole mpaka jana.

Jana nikiingia nyumbani wamama wanapiga vigelegele, Adeer akaja kwa dirisha la lori. Huyu mzee ukame ulimmalizia ngamia karibu wote. Sisi tulimwambia tu asubiri, Mungu atarudisha. Hakuna mtu alimuuliza kama analala.

"Yule msichana wako wa kliniki," akasema chini chini, "wazee pia anawasikiliza?"

"Anawasikiliza, Adeer."

"Basi nipeleke. Lakini usiite watu."

Nilitaka kucheka, nikajikuta nimeshika mkono wake.

Funzo langu ni lile la wahenga: mficha maradhi kifo kitamuumbua. Na haya ya moyo pia ni maradhi wakuu. Imani unayo, watu unao, na bado unahitaji mahali pa kusema mpaka mwisho bila kukatwa. Nenda!

Saa hii nawaandikia nikiwa kwa benchi ya kliniki. Adeer ameingia peke yake, mlango umefungwa, na mimi ndiye nimeachwa nje. Amekawia sana, alhamdulillahi.

Mwenye amewahi kukaa kwa kiti mbele ya counsellor, au anaogopa kukaa, andika hapa chini. Nasoma zote nikimngoja mzee wangu.